Yai la Binti Yangu na Kikombe Kilichopinduka

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha viatu. Mguu wake mmoja ni matofali mawili aliyoyapanga Pimamaji, fundi mwashi, ambaye mpaka leo anadai benchi limenyooka ila sisi ndio tumepinda. Pembeni hukaa Mama Birika na kahawa yake, na karibu naye Gia, dereva mstaafu wa lori, mtu wa methali, ingawa methali zenyewe hazimtambui. Asubuhi hiyo binti yangu alikuja na kompyuta, akaiweka juu ya kreti la soda, akatoa mkobani kitu laini chenye ukubwa wa yai la bata. Miezi minane amekichonga na kukitia vyuma vyake, ili wanaoanza kujifunza kuunda vitu kwenye kompyuta wasihangaike na kipanya. Ukikigeuza mkononi, kikombe kilichochorwa kwenye skrini kinageuka. Ukikiminya, kinabonyea kama udongo. Kesho yake mkuu wa chuo chao angeamua kama kiingie darasani au kifungiwe kabatini. Na juzi wanafunzi kumi na wawili walikijaribu, tisa wakakipindua kikombe. Tangu hapo mtoto hali chakula vizuri.

Binti: Shikamooni wazee wangu. Naomba mikono yenu.

Pimamaji: Marahaba. Mikono mitupu, au na wenyewe tuje?

Binti: Mikono inatosha. Fanyeni kikombe kisimame, mdomo juu. Nataka kujua watu wanakosea wapi.

Gia akalinyakua yai, akalishika kama rungu la gia, akasukuma mbele. Kikombe kikalala kifudifudi.

Gia: Maji yakimwagika hayazoleki!

Mama Birika: Kikombe kitupu hicho, maji umeyaona wapi?

Gia: Ndiyo hasara yenyewe. Binti, kitu chako hakina breki. Mtu anaanza kujifunza, unampa mteremko?

Pimamaji: Lete hapa. Wewe umezoea kusukuma tu.

Akaliweka juu ya kiganja kilichonyooka, akafumba jicho moja. Kikombe kikasimama kichwa chini, kitako juu.

Pimamaji: Nilijua! Kreti limeinama.

Binti: Baba mdogo, kreti halihusiki.

Pimamaji: Kila kitu kinahusika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hicho chuo chenu kimejengwa na nani?

Binti akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, ila aliandika kwa adabu.

Mama Birika: Nyie hamjui. Tatizo ni woga. Mwanafunzi akiogopa anatoka jasho, kitu kinasikia jasho, nacho kinaogopa.

Gia: Kinaogopa mpaka kinasimama kwa kichwa?

Mama Birika: We ulipofanya mtihani wa udereva kwa woga, gari lilisimama wapi? Si ulilipandisha ukutani?

Gia: Tusifukue makaburi. Sikilizeni. Hivi vitu vinatoka upande wa pili wa dunia. Huko watu wamesimama miguu juu, ukilinganisha na sisi. Kwa hiyo kikombe kiko sawa kabisa, ila kwa watu wa kule.

Pimamaji: Hapo umesema!

Binti: Baba Gia, nimekitengeneza mimi, chumbani kwangu.

Gia: Kitanda chako kinaelekea wapi?

Nikalijaribu na mimi. Kikombe kikalala ubavu kama mgonjwa. Binti akalichukua, akalitazama kidogo, na kikombe kikasimama wima papo hapo.

Gia: Mkono mtupu haulambwi.

Mama Birika: Nani kasema analamba?

Lakini binti hakucheka. Akafunga daftari.

Binti: Kwangu kinakubali, kwa wengine karibu wote kinakataa. Labda kazi hii si yangu, baba. Mkuu akikataa kesho, nakitupa.

Niliumia. Nikabaki kuifuta meza yangu ambayo haikuwa na vumbi.

Hapo ndipo alipofika mkunga wa zahanati ya jirani, kufuata viatu vyake vya kazini. Kamba zake zilikuwa bado, na yai lilikuwa mkononi mwangu, nikamwambia: Nishikie hiki dada, nimalizie. Akalipokea bila kulitazama. Macho yalikuwa kwenye viatu, vidole vikawa vinalizunguka yai polepole, mara ya kwanza, mara ya pili.

Mkunga: Kichwa chake kiko wapi?

Gia: Cha nani?

Mkunga: Cha hiki. Juu ni wapi, chini ni wapi?

Binti: Kuna nukta nyekundu, mama. Hapo ndipo juu.

Mkunga: Naiona nikifungua mkono. Nikiufumba je?



Mkunga: Maana mimi nikipapasa tumbo la mama, cha kwanza natafuta kichwa. Nisipokipata, sigeuzi kitu.

Gia akanyoosha shingo kuitafuta nukta.

Nikaona aibu. Miaka thelathini naokota viatu chini ya meza bila kutazama. Mkono wangu unajua cha kulia na cha kushoto, kidole na kisigino. Na bado nililigeuza yai la mwanangu bila kujiuliza swali hilo.

Binti akafumba macho.

Binti: Baba, lizungushe, kisha nipe.

Nikalizungusha, nikampa. Akageuza mkono kwa uhakika wote wa miezi minane. Alipofumbua macho, kikombe chake mwenyewe kilikuwa kimesimama kichwa chini.

Akacheka. Cheko hilo sikuwa nimelisikia tangu juzi.

Binti: Kumbe nilikuwa naichungulia nukta kila mara, bila kujua. Mwanafunzi anatazama skrini, ataionaje? Baba, una kipande cha ngozi?

Nilikata kipande kama ukucha wa kidole gumba, kile kigumu cha soli, nikapaka gundi, nikakibandika juu ya nukta, kidole kiipate bila macho. Mkunga akachukua viatu vyake, lakini badala ya kwenda akamsukuma Pimamaji kidogo, akakaa.

Gia: Haya, nipe nijaribu.

Binti: Bado haijakauka. Robo saa.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mkunga. Halikutoa hata tone. Kahawa ilikwisha, ila hakuna aliyeinuka kabla gundi haijakauka.