Mshindani Wangu Alipovuka Barabara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa huu, Bi Mkubwa wetu unayestaafu leo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi waokaji wa duka hili mnaonitazama kwa jicho la pembeni huko nyuma: hamjambo?

Najua mnachokiogopa. Mmesikia kwamba mwenye duka la mikate la ng'ambo ya barabara, yaani mimi, mshindani wenu wa miaka yote, ndiye aliyeuziwa duka hili, na kila mmoja anajiuliza kama atabaki na kazi. Nitafika huko. Mnivumilie, maana furaha imenipanda kichwani na sijagusa hata soda.

Nani hapa hajui tulivyoviziana na Bi Mkubwa? Akishusha bei ya skonzi, nami nashusha; akipaka ukuta rangi, nami natafuta fundi. Kisha tanuri langu likafa asubuhi ya harusi kubwa niliyopewa kuiokea mikate, unga umeshakandwa, umeumuka, unamwagika nje ya ndoo. Wafanyakazi wangu wanalia. Na ninyi, semeni kweli, mlikuwa mnacheka.

Bi Mkubwa akavuka barabara na aproni yake. "Dada, leta ndoo zako. Tanuri langu moja liko tupu."

Nikamuuliza, "Si ungeniacha tu nianguke?"

"Harusi ya watu ina kosa gani? Wewe nitapambana nawe kesho."

Na kweli kesho yake, mama huyu, akashusha bei ya skonzi.

Wapo waliosema wema utamfilisi. Umemfilisi? Wateja wa harusi ile walimjua siku hiyo, wakawa wake. Waokaji wake hawakumkimbia hata nilipowarubuni kwa mshahara, na niliwarubuni sana. Mkate ukikaa huota ukungu, lakini wema hauozi.

Sasa basi, waokaji. Matanuri ninayo. Nilichokosa miaka yote ni watu waliolelewa na huyu mama, na mwenye akili zake hanunui duka kama hili kisha akawafukuza. Hakuna atakayeachishwa kazi, hata mmoja.

Tena Bi Mkubwa hakuniwekea sharti hilo. Siku ya kutia saini nilimuuliza mbona hakulitaja, na watu wake anawapenda hivi. Akanijibu, "Ningelitaja, ningekuwa nimekutukana."

Nawashukuru kwa masikio yenu. Tukutane kazini alfajiri.