Hilda wa Ipelele, Aliyekaa Kilabuni Bila Kunywa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, sogeza kigoda karibu na redio. Kama uko shambani na umeitundika redio kwenye tawi, pumzisha jembe kidogo. Mimi ni Enoki, na kipindi chetu cha leo ni cha mtu mmoja tu. Leo tunamkumbuka mama Hilda. Mzaliwa wa Ipelele, mkazi wa Makambako, muuza viazi. Mama Hilda alifariki mwezi uliopita, na amezikwa Makambako, mvua ikinyesha.

Nimezungumza na mume wake, mzee Odilo. Nimezungumza na jirani yake, mama Rukaya, mwenye duka la vitenge na soda. Na nimefika mpaka Kifanya kumwona mama mmoja aitwaye Oktavia. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa.

Hilda alizaliwa Ipelele, kule juu Makete, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Alikua akilima viazi kwenye miteremko ambako mgeni anaogopa hata kusimama. Alipoolewa na Odilo akahamia Makambako, na viazi akavifuata sokoni.

Alikuwa msemaji. Naomba mlikumbuke hilo, wasikilizaji wapendwa. Hilda alikuwa msemaji. Pale sokoni ulimsikia kabla hujamwona. Atakusalimia kwa Kikinga, usipoitika atajaribu Kibena, usipoitika tena atakupa Kiswahili. Ulikuja kuulizia vitunguu, ukaondoka na debe la viazi.

Binti yao, Margareth, ambaye ni mwalimu, aliniambia hivi: "Mama alikuwa anaongea mpaka na viazi. Anashika kimoja anakiambia, wewe umeoza, unanitia aibu mbele ya wateja."

Mumewe, Odilo, alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Alipeleka mbolea vijijini, akarudi na mahindi. Mwaka 1988 lori lilipinduka naye mlimani. Alipoteza damu nyingi, akaongezewa damu, akapona. Siku zile hakukuwa na kipimo cha kirusi cha homa ya ini aina ya C. Kirusi kiliingia kimya, kikakaa kimya. Nasema tena: kilikaa kimya zaidi ya miaka kumi.

Kisha ikaja ile miaka ya biashara huria. Ushirika ukayumba, malori yakauzwa, Odilo akapunguzwa kazini. Makambako ikajaa maduka, mitumba, na wageni kutoka kila mkoa. Mama Rukaya na mumewe walifika wakati huo kutoka Kondoa. Odilo akapata kibarua kwa tajiri mmoja wa mbao, leo kipo, kesho hakipo. Siku ambayo hakipo, Odilo alikuwa kilabuni.

Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali, pombe ya huku ni ulanzi. Unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Ukiwa mbichi ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukilala, unakuwa mkali.

Mwaka 1999 macho ya Odilo yakawa ya njano. Wakasafiri kutwa nzima mpaka hospitali moja ya misheni. Huko wakaambiwa: homa ya ini aina ya C. Daktari mmoja mgeni alikuwa amepata dawa kwa ajili ya wagonjwa wachache, na Odilo akawa mmoja wao. Sindano mara tatu kwa wiki, na vidonge, karibu mwaka mzima. Hilda akafundishwa kumchoma. Dawa ile ilitaka friji, na friji ilikuwa kwa mama Rukaya. Basi sindano za Odilo zikakaa katikati ya chupa za soda.

Daktari akawaambia neno moja, na mimi nalirudia kwa faida ya wote. Ini linalougua halitaki pombe. Hata kidogo. "Mzee," alisema, "ukinywa, nitasitisha dawa. Na nikisitisha, sina kingine cha kukupa."

Odilo akaahidi. Na Odilo akanywa.

Hanifichi. "Ile sindano ilikuwa inanitumbukiza shimoni," aliniambia. "Mwili unatetemeka, moyo unakuwa mweusi, unatamani usiamke. Nikipata ulanzi kidogo nilikuwa naona mdomo wa shimo. Najua nilikuwa najiua. Lakini nilikuwa naona mwanga."

Hilda aliongea. Mnamjua sasa, msemaji. Aliongea asubuhi, aliongea jioni. Aliwaendea wauzaji mmoja mmoja akawaomba wasimpe. Alimfichia viatu, Odilo akaenda kilabuni na kandambili za jirani. Akaita padre. Akamwita Margareth kutoka shuleni kwake. Hakuna kilichosaidia.

Halafu siku moja, Machi, mvua kila siku, Hilda akanyamaza.

Mama Rukaya anakumbuka. "Alikuja kuchukua sindano. Nikamwuliza, dada Hilda, mbona kimya leo? Akaniambia, maneno yangu yamekwisha, dada. Nimebaki na macho."

Tangu siku hiyo, Odilo alipokwenda kilabuni, Hilda alimfuata. Aliingia, akakaa kwenye benchi mbele yake, akaweka mikono mapajani. Hakunywa. Hakusema. Alimtazama tu mumewe, kopo likipanda, kopo likishuka, mpaka Odilo aliponyanyuka. Kisha akanyanyuka naye, wakarudi nyumbani.

Walevi mwanzoni walicheka. Baadaye kicheko kikakatika. Mtu anajua kujibizana na mke anayefoka. Mke anayekaa kimya, hakuna anayejua amfanye nini. Wakaanza kuhama benchi lile. Wengine wakahama kilabu.

Odilo naye akahama. Akatafuta mahali ambapo Hilda hamjui mtu. Tajiri wake alikuwa ananunua mbao Kifanya, mbele ya Njombe. Siku moja Odilo akapewa safari. Akaondoka asubuhi, akamwacha Hilda kitandani na malaria. Mama Rukaya akafunga duka, akaja kukaa naye. Shikeni hilo. Hilda alibaki Makambako, kitandani, na mama Rukaya yuko pembeni yake.

Kule Kifanya, wapakiaji wakapakia mbao. Odilo akaingia kwenye kilabu cha mama Oktavia. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka, miti ya upande wa pili wa barabara haikuonekana. Akaagiza lita moja. Akapuliza povu. Aliponyanyua macho, Hilda alikuwa amekaa mbele yake.

"Kitenge chake kilekile," aliniambia. "Mikono mapajani. Ananitazama. Nikasema, mama Margareth, umefikaje? Hakunijibu. Nikaweka lita chini. Sikuimaliza."

Nilimwuliza mama Oktavia kama aliona mtu. Alikuwa anaosha makopo, hakuacha kuosha. "Nilimwona mwanamke ameingia," alisema. "Nikamwamkia, kamwene. Hakuitika. Nikasema labda si wa huku. Nikampa kigoda, hakukichukua, akakaa kwenye benchi. Nilipogeuka kumpimia mteja mwingine, hakuwepo. Na nguo zake hazikuwa na tone la maji, na nje kulikuwa na mvua."

Sasa sikilizeni upande wa Makambako. Mama Rukaya anasema mchana ule Hilda alitulia ghafla. "Macho wazi, lakini hanioni. Nikamwita, haitiki. Nikamshika mkono, baridi. Nikamwongezea blanketi, nikaanza kusoma dua. Halafu akavuta pumzi ndefu, akaomba maji. Akaniuliza, yule mama wa kilemba cha njano ni nani? Nikamwambia, dada, humu tuko wawili tu."

Mama Oktavia anafunga kilemba cha njano. Nilimkuta nacho.

Jioni Odilo akarudi. Akasimulia. Alitegemea Hilda atamwambia ni pombe, au ni dawa, inampotosha macho. Hilda akaanza kulia. Aliogopa kuliko yeye.

"Sijakutuma mtu," alimwambia. "Wala sijatoka hapa. Lakini nimeona povu, na nimeona umepuliza. Baba Margareth, ukienda kunywa, kuna kitu changu kinakufuata. Mimi sikituma. Kinakwenda chenyewe, na mimi nabaki pungufu. Nakuomba usikiite."

Mngedhani basi. Sivyo ilivyokuwa. Odilo alikaa wiki chache, akachomwa sindano zake, shimo likafunguka tena. Akajiambia ilikuwa malaria ya Hilda na uchovu wake mwenyewe, vimekutana. Akapanda gari mpaka Njombe, kwenye kilabu cha pembezoni mwa mji. Akaagiza.

Hilda akaja tena. Safari hii alikaa mbali, karibu na mlango. Odilo anasema alimjua kwa mabega. Uso hakuuona vizuri, kama mtu unayemtazama kupitia dirisha lenye mvuke. Akamwita. Hakugeuka. Odilo anakiri kwamba alikunywa lita ile yote, kwa hasira. Na kila alipokunywa, anasema, yule mwanamke alizidi kufifia.

Alipofika Makambako alikuta wanawake wamejaa mlangoni. Hilda alikuwa ameanguka sokoni katikati ya viazi vyake, akabebwa mpaka nyumbani. Mama Rukaya alikuwa ameweka sikio kifuani pake. Moyo unapiga, lakini polepole. Walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Odilo akapiga magoti. Akamwita. Mama Margareth. Kimya. Akamwita Hilda. Kimya. Akamwita kwa jina la Kikinga alilopewa na bibi yake Ipelele, jina ambalo mzee Odilo ameniomba nisilitaje redioni, na mimi naliheshimu ombi lake. Akaliita, akaliita, mpaka sauti ikakauka.

Hilda akafumbua macho. Akamtazama muda mrefu kama anayejaribu kumkumbuka.

"Umechelewa," akamwambia. "Nilikuwa siioni njia."

Wasikilizaji wapendwa, walikwenda hospitali. Odilo alimweleza daktari yote, ulanzi na mengine. Daktari alisema malaria, uchovu na kutokula vinaweza kumlaza mtu hivyo. Alisema pia kwamba mtu anayemuuguza mlevi huwa anaumwa bila kujijua, na akaagiza Hilda naye apimwe, apumzike, ale. Dawa hakuisitisha. Yapo aliyoyasema daktari, yapo aliyoyaona mama Oktavia. Mimi siwachagulii.

Ninachojua ni kwamba Odilo hakunywa tena. Sindano zilipomzamisha, alikwenda kukaa dukani kwa mama Rukaya, akapanga soda, akasikiliza wateja wakibishania bei ya vitenge. Siku nyingine alilia palepale, na mama Rukaya akamwekea chai bila kumwuliza. Dozi ikaisha. Vipimo vikaonyesha kirusi hakionekani. Wakarudia baadaye, hakionekani.

Na Hilda akarudi kuongea. Siyo siku moja. Kwanza salamu, kisha bei, kisha umbea. Mama Rukaya anasema alijua amepona siku alipomsikia akigombana na kiazi.

Walipata miaka mitatu na zaidi. Walijenga chumba cha mbele, wakamwoza Margareth. Kuna jambo moja tu alilobaki nalo. Ukungu uliposhuka, Hilda hakutaka kukaa peke yake. Alimshika mtu mkono, yeyote aliye karibu, mpaka jua litoke.

Mwezi uliopita shinikizo la damu lilimwangusha nyumbani, mchana, akimenya viazi. Odilo alikuwepo. Alipiga magoti kama siku ile. Alimwita kwa majina yote, na lile la Ipelele. Safari hii hakurudi.

Nilipokuwa naaga, mzee Odilo alinisindikiza mpaka barabarani. Kilabu cha zamani kipo njiani, mlango wazi, watu ndani wanaongea. Akasimama.

"Watu wanadhani naogopa kupita hapa," alisema. "Siogopi. Tangu tumzike, miguu inavutwa kuingia. Siyo kiu, kiu iliisha. Ni kwamba najua mahali pa kumpata. Nikinyanyua lita moja tu, atakuja akae mbele yangu."

Nikamwuliza, kwa hiyo unafanyaje, mzee?

"Napita," akasema. "Alichoka yule. Aliniomba nisimwite."

Tukapita.

Kwa mzee Odilo, kwa mwalimu Margareth, kwa ndugu wote wa Ipelele, na kwa mama Rukaya ambaye ni ndugu bila kuzaliwa pamoja, kipindi hiki kinawapa pole. Mungu ampe mama Hilda pumziko alilolitamani.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa na kopo mkononi mchana huu, sikuhukumu. Nakuomba uliweke chini kwa dakika moja. Mfikirie aliyebaki nyumbani, yule aliyeacha kukusema. Usifurahie ukimya wake. Nenda kamwite kwa jina lake, angali anaitika.