Kadi za Mama Zetu Zisichomwe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mganga Mkuu, karibu sana. Ukumbi ni mdogo na kipaza sauti kinakohoa, lakini furaha yetu haina kifani. Mstari wa mbele wameketi mama zetu. Wakisinzia, uwawie radhi, wamechoka kutulea.

TULIKOTOKA
Mama zetu walipokuwa wajawazito, wengi waliogopa mimba kuharibika. Hospitali hii ikawapa vidonge vya homoni ya kiwandani. Waliotoa na waliomeza, wote walikuwa na nia njema. Miaka mingi baadaye ndipo ikajulikana kwamba homoni ile yaweza kumwachia binti aliyekuwa tumboni hatari ya saratani ya njia ya uzazi. Si kila binti huugua. Wengi wetu tu wazima, na wengine tunanenepa kupita kiasi.

Katibu wetu, fundi cherehani, aliugua. Daktari alipouliza mama yake alikunywa dawa gani, mama alijibu, "Vidonge navikumbuka, jina sikuuliza. Enzi zetu nani alimhoji daktari?" Kisha akalia, akisema amemlisha mwanawe sumu. Katibu akamwambia, "Mama, ulitaka nizaliwe. Nimezaliwa, na mdomo wote huu." Aliwahi matibabu, akapona. Leo ndiye aliyeshona sare hizi, na ukiona zinatubana usimlaumu mwingine.

TULIYOFANYA
Muuguzi mstaafu alitueleza desturi ya wodi: mjamzito aliyepewa vidonge, kadi yake ilikatwa kona kwa mkasi, ili mgawa dawa asimruke. Yeye na karani wa masjala wamefungua masanduku kumi na moja ya kadi za zamani. Wamepatikana mabinti thelathini na wanne, na sasa wote wanapimwa kila mwaka.

CHANGAMOTO
Yamebaki masanduku tisa. Barua iliyo mezani kwako inaagiza kadi zote kuukuu zichomwe Ijumaa, chumba cha masjala zilimo kiwe cha mikutano. Mikutano hatuichukii, tumo ndani yake sasa hivi. Ila majivu hayasomeki.

OMBI
Ni moja tu: usiitie saini barua hiyo.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe hujivunia kuwa binti wa wodi hii, uliyezaliwa mwaka mmoja na katibu wetu. Muuguzi aliitafuta kadi ya mama yako. Haimo katika yale kumi na moja.

Mungu akupe umri mrefu, wewe na mama yako.

Ni sisi wadogo zako na dada zako,
Umoja wa Mabinti wa Kadi za Kona