Mama na Kifaa cha Vitufe Vinane

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Alihitimu chuo cha uuguzi mwaka 1978. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Mchapakazi, ila ana mdomo." Mama aliitundika ukutani.

Alihudumu wodi ya wanaume miaka thelathini na tisa. Tarehe 12 Julai 1981 aliolewa na fundi redio, baba yetu, aliyekwenda kudungwa sindano akarudi na mchumba.

Mwaka 2014, kwenye meza ya jikoni, wawili hao walibuni kifaa cha mkononi cha kurekodi kazi za wauguzi. Kwanza kilikuwa kipande cha boksi chenye vitufe vya kuchora. Mama alizunguka nacho wodini wiki nzima akibonyeza kwa dhati. Alitaka wakubwa waone kwamba wauguzi wawili hawawatoshi wagonjwa arobaini. Vitufe vilikuwa vinane: dawa, vidonda, kuogesha na vingine, na cha nane kilikuwa cha kukaa na mgonjwa.

Wakubwa walikipokea kwa makofi, wakawagawia wauguzi wote, ila wakang'oa kitufe cha nane. "Kukaa si kazi, mama," alisema mkurugenzi, ambaye hatujapata kumwona akifanya kazi nyingine. Tangu hapo, muuguzi aliyemshika mkono anayekata roho alihesabiwa mvivu. Barua ya kwanza ya onyo ilimfikia mama mwenyewe. Akamjibu: "Mkurugenzi, baba yangu, siku yako ikifika, kashikwe mkono na kidude."

Figo zilianza kumsumbua Mei 2023. Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, katika hospitali ileile. Muuguzi ambaye mama mwenyewe alimfundisha kazi alikaa naye kwa muda wa saa tatu. Kifaa kilirekodi: hana shughuli.

Jana ofisi ya mkurugenzi ilituletea wasifu uliokwisha kuchapwa, ukimwita mama "mwasisi wa vita dhidi ya uvivu". Baba alivua miwani. "Hawa hata haya ya kuazima hawana," akasema. Tumeurudisha. Na kwa kuwa mkurugenzi yupo hapa, asikie: mama alibuni kifaa cha kuwatetea wauguzi. Hicho mlicho nacho ni chenu. Jina lake msilitie.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliokatazwa kuja leo, na wamekuja.

Udongo umpokee taratibu.