Kugawa kwa Kumi Mara Mbili

Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Mipango wa Jimbo letu, uliyekubali kukalia kiti ambacho wote humu tunajua mguu wake mmoja ni mfupi. Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi wetu, Bibi Sarbani Nandi. Wazee wetu wastaafu mlioshuka kwenye tramu na kupanda ngazi za ghorofa tatu kwa sababu lifti imekufa tena. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu wa takwimu, wa maktaba na wa jikoni. Na wewe Dada Liao, ambaye itifaki imeniagiza nikutaje mwisho ijapokuwa shughuli ni yako: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika kumi. Mkurugenzi ananifahamu, kwa hiyo ameniandikia kwenye karatasi na akapigia mstari. Nitajitahidi, ingawa nimechoka, na mtu aliyechoka ama husema machache ama hashikiki.

Tumekutana kumuaga Bi. Liao Fung-yin, mtafsiri wa Taasisi hii kwa miaka thelathini na mitano. Jumapili anapanda ndege kwenda Toronto kwa kaka yake, na tiketi yake ni ya kwenda tu. Mimi, Prasun Bagchi, mkuu wa idara ya ulinganishi, nimepangiwa kumsifu kidogo kisha niwaeleze ni nani atakuwa mbele mwaka 2050, sisi au Wachina. Mada hiyo nitaigusa. Lakini lipo jambo ambalo nilipaswa kulisema humu ndani miaka ishirini na tano iliyopita, na nisipolisema leo, huku amekaa hapo mbele na shada la maua mapajani, sitalisema tena.

Ndugu zangu, mnajua maisha ya mtu ambaye kazi yake ni swali moja? Harusini, kabla sijafika kwenye samaki, mjomba wa bibi harusi ameshanishika mkono: tutawapita lini? Kwa kinyozi wangu wa Gariahat, Haru, ni hivyo hivyo. Wiki iliyopita ameniinamisha kichwa, wembe uko shingoni, ananiuliza, "Profesa, hivi tutawapita lini?"

"Nilikujibu mwaka jana, Haru."

"Mwaka jana ulisema inategemea. Mimi mteja akiniuliza nitammaliza saa ngapi nikamwambia inategemea, si anahamia kwa jirani?"

Haru ana haki. Basi Mheshimiwa, kwa kuwa umekuja mwenyewe, nitakupa jibu langu lote, halina ziada. Wenzetu wale walijenga barabara kwanza, kisha wakauliza nani alikuwa anaishi pale. Sisi tuliuliza nani anaishi pale mpaka barabara yenyewe ikasahaulika. Wao vijana wao wanapungua na wazee wanaongezeka, na hakuna kiwanda kinachotengeneza vijana. Sisi vijana tunao tele, ila kuwa na vijana na kuwa na kazi ya kuwapa ni mambo mawili, na hilo la pili tunaliahidi kila uchaguzi. Wao wakikosea, hukosea wote kwa pamoja na kwa kasi; sisi hukosea kila jimbo kivyake, polepole, tena tukiwa na kamati. Nani atakuwa mbele mwaka 2050? Niseme kweli: sijui. Nimelipwa mshahara miaka thelathini na mmoja nijue, na sijui. Na yeyote anayekupa tarakimu moja kwa sauti ya uhakika, Mheshimiwa, muulize kwanza ameitoa wapi. Nasema hivyo kwa sababu mtu wa namna hiyo niliwahi kuwa mimi.

Nirudi kwa Dada Liao. Amezaliwa Tangra, mashariki ya mji wetu huu wa Kolkata, kwenye ua uliokuwa na mapipa ya ngozi. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, na babu yake pia. Anaongea Kibengali kinachonitia aibu mimi, na akigombana na muuza samaki, muuza samaki ndiye anayeomba radhi. Hata hivyo, miaka thelathini na mitano hii, hapa kwenye jengo la wasomi, hakuna mwezi uliopita bila mtu kumwambia, "Dada Liao, huko kwenu wametupiga bao kwa treni."

Naye jibu lake ni lile lile. "Kwetu ni Tangra. Kwetu basi lenyewe halifiki, treni itoke wapi?"

Tulicheka. Tulirudia utani ule ili ajibu tena. Sasa hivi mnacheka pia, nawaona. Sikumbuki hata siku moja ambapo mtu alimuuliza kama amechoka kujibu.

Mwaka 1994 Taasisi iliagizwa iandike taarifa kubwa: India na China, robo karne mbele. Robo karne hiyo inaisha mwaka huu, 2019, kwa hiyo hesabu zangu zimekomaa na mnaweza kuzitazama kwa macho yenu. Sehemu yangu ilikuwa viatu na ngozi. Vitabu vya takwimu vya Wachina vilikuja kwa posta, vizito, vina harufu ya gundi, na ni mtu mmoja tu humu aliyeweza kuvisoma.

Hapa niwaombe wageni subira kidogo. Sisi tunahesabu kwa laki. Wao wanahesabu kwa mafungu ya elfu kumi, na fungu moja wanaliita wan. Mafungu yao kumi ndiyo laki yetu moja. Kwa hiyo ukiichukua tarakimu yao, unagawa kwa kumi, unapata laki. Dada Liao ndiye aliyenifundisha hilo, chai ikiwa mkononi, na nikajiona mjanja sana kulijua. Tena alikuwa na utaratibu wake. Akishaigawa safu yeye mwenyewe, aliweka kitone cha penseli juu yake, kidogo, kwenye kona. Maana ya kitone ilikuwa: hii tayari, usiiguse.

Kitabu kilisema wafanyakazi wa viatu wa mkoa mmoja wa kusini ni wan mia mbili na thelathini. Dada Liao akagawa, akaandika laki ishirini na tatu, akaweka kitone, akaenda nyumbani. Mimi nikaja, kijana mwenye shahada ya pili na haraka, nikaiona safu ya Wachina, nikakumbuka somo langu, nikagawa kwa kumi. Kitone nilikiona. Nilidhani ni uchafu wa nzi.

Hivyo laki ishirini na tatu ikawa laki mbili na elfu thelathini. Sisi kwenye jimbo letu tulikuwa na laki nne. Nikaandika, na ninaweza kuisoma sentensi hiyo bila karatasi: "Katika ngozi na viatu, tuko mbele kwa kiasi cha kutosha, na hakuna sababu ya pupa." Taarifa ikachapishwa. Magazeti yakaipenda. Mtu gani haipendi habari ya kwamba yuko mbele na anaweza kwenda pole pole?

Siku ya pili yake Dada Liao alikuja mezani kwangu na nakala moja. Hakukaa.

"Bwana Prasun, umegawa tena?"

"Nimegawa kwa kumi, dada. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilishagawa mimi. Hukukiona kitone?"

Nilikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule, Dakta Hirendra Dhar, ambaye ametangulia mbele ya haki na ambaye sitamtwisha mzigo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Prasun, Waziri amefurahi. Unataka nimpigie simu nimwambie asifurahi?" Tukakubaliana tutasahihisha kwenye chapa ya pili. Chapa ya pili haikuwapo. Kulikuwa na mpango wa chuo cha mafundi wa ngozi pale ukingoni mwa mji, ramani imeshachorwa. Kwa kuwa hapakuwa na sababu ya pupa, ramani ikaenda kabatini. Sisemi chuo kimoja kingetufikisha kwa wenzetu. Nasema walikuwapo vijana waliokuwa wamejiandikisha, na walirudi nyumbani kwa sentensi yangu.

Baada ya miaka mitatu mtu wa Delhi akaliona kosa, akaandika barua. Kikao kiliitwa humu humu, na feni hizi hizi. Dakta Dhar akasema, "Tuandike ni kosa la tafsiri. Litamuumiza nani?" Watu saba tulikuwa mezani. Mimi nililijua jibu, nami nilitazama feni.

Likaandikwa: "Tarakimu ilipotoka kwa kosa la mtafsiri." Maneno sita. Yapo kwenye faili lake mpaka asubuhi ya leo. Na mnong'ono ukatoka koridoni ukaenda kantini: kumbe, si Mchina yule? Eti aliipunguza makusudi ili sisi tulale. Mwaka 1962, wakati wa vita vya mpakani kati yetu na China, huyu dada akiwa na miaka mitatu, alipakiwa kwenye treni na wazazi wake akapelekwa kambini jangwani, kwa sababu ya jina lao tu. Aliporudi Tangra alikuwa na miaka sita, na kwenye ua wao walikuwa wanaishi watu wengine. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemnong'ona. Akaondolewa kwenye takwimu, akapewa barua za itifaki na kadi za mwaka mpya. Tafsiri zake zote tangu hapo zimeandikwa "Imetafsiriwa na Taasisi". Miaka ishirini na miwili, Taasisi haikuwahi kujua herufi moja ya Kichina. Aliyejua ni huyu.

Dada Liao ananitikisia kichwa. Anataka nikae. Samahani dada, leo sikai.

Hakuwahi kunigombeza. Aliniomba mara moja tu, mwaka 2003, kwenye ngazi, mvua inanyesha. "Bwana Prasun, utaandika barua ya kulisahihisha lile neno?"

"Nitaandika, dada."

"Lini?"

"Baada ya Puja."

Ndugu wageni, nyinyi ni watu wa mji huu, mnajua "baada ya Puja" ni tarehe gani. Paa linalovuja litazibwa baada ya Puja. Lifti ile itatengenezwa baada ya Puja. Sikukuu inakuja na ngoma zake na mungu wake wa kike, tunakula, tunavaa vipya, tunaisindikiza sanamu yake mtoni, na asubuhi yake kila mtu anaanza kungoja Puja nyingine. Tangu siku ile kwenye ngazi zimepita Puja kumi na sita. Kila moja nilimpelekea Dada Liao sanduku la vitamu vya sandesh, naye kila moja alinishukuru, na hakuna kati yetu aliyetaja barua. Ningependa kuwaambia kwamba nilisahau. Sikusahau hata mwaka mmoja. Niliona haya, kisha nikaizoea haya yenyewe, na kuizoea ndiko kulikonichosha kuliko kazi yote niliyofanya humu.

Mheshimiwa Katibu Mkuu, juzi ulinipa barua ya kuongoza taarifa mpya ya 2050. Ninayo hapa mfukoni, sijaijibu. Baada ya haya uliyoyasikia, utaamua kama bado unaitaka saini yangu, nami uamuzi wowote nitaupokea. Ila ukimpa mwingine, mwambie neno moja kutoka kwangu: akiona kitone cha penseli, aulizie kilipotoka, asijipe jibu mwenyewe.

Na wewe Dada Liao. Watu wamekuja na sifa zao, na zote ni za kweli: uvumilivu wako, mwandiko wako, tambi zako za Jumamosi ambazo zimeharibu matumbo ya idara nzima kwa utamu. Mimi sina sifa ya kukupa. Nina karatasi mbili. Ya kwanza ni ile safu ya mwaka 1994, yenye laki ishirini na tatu kwa mkono wako, na kitone kiko pale pale kwenye kona. Niliificha droo ya chini miaka yote hii, na nadhani niliificha ili isipotee. Ya pili ni barua ya kurasa mbili, ina jina langu na saini yangu. Inasema mtafsiri hakukosea, aliyekosea ni mimi, na kwamba nilijua siku ya pili yake. Mkurugenzi ameipokea leo saa tatu asubuhi, akaiweka mbele kabisa kwenye faili lako, na nakala moja iko kwenye meza ya maktaba ili yeyote aisome.

Puja ni wiki tatu zijazo, dada. Safari hii nimeandika kabla.

Ukifika Toronto, mtu atakuuliza kwenu ni wapi. Utamjibu utakavyo, una haki hiyo. Sisi tuliobaki ndio tuliopaswa kujua kwamba kwenu ni hapa, na tumelijua ukiwa na tiketi mkononi.

Nawashukuru wageni na wenyeji kwa kunipa masikio yenu, na Mkurugenzi anisamehe dakika nilizozidisha. Dada Liao, wewe sikushukuru kwa kunisikiliza leo. Nakuomba radhi kwa miaka yote ambayo mimi sikukusikiliza.