Leodegar Tesha na Kibao cha Kona Kali

"Kuharibika kwa Kibao Kimoja cha Serikali, cha Mbao, Chenye Kuonya Juu ya Kona Kali, Barabara ya Kilema": ndilo jina la shauri ambalo ndani yake, katika aya ya nne, baada ya vipimo vya kibao na aina ya rangi yake, imeandikwa kwamba pia alikufa mtu. Mtu huyo ni kaka yangu, na kwa kuwa wazee wa ukoo wameniagiza mimi Aristides, mdogo wake, karani wa baraza, nisome habari za maisha yake kabla hatujamshusha, naomba ruhusa yenu, baba padri, wazee wangu shikamooni, na ninyi ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka mjini tangu alfajiri, nianze na mtu, kibao kitafuata.

Marehemu Leodegar Sirili Tesha alizaliwa hapa hapa kihambani, kwenye shamba hili la ukoo, tarehe 2 Oktoba 1912, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akasoma shule ya misheni hapa Kilema tangu 1921 hadi 1926, akajua kuandika, kuhesabu, na kuimba Kilatini asichokielewa, jambo ambalo mwenyewe alikiri kuwa lilimsaidia sana baadaye alipoanza kupokea barua za serikali.

Mwaka 1927 aliteremka Moshi mjini, akapokelewa na fundi wa baiskeli, Rajabu Abasi, huyu aliyekaa mbele yenu, ambaye alimpa mkeka, sahani na kazi, akamfundisha kwa mdomo mkali na mkono mwepesi, na ndani ya miaka michache wawili hao wakawa ndio watu wa kutafutwa na kila mwenye pikipiki iliyogoma, kuanzia Moshi hadi Holili mpakani. Mwaka 1937 alitaka kuingia mashindano ya pikipiki ya Moshi hadi Himo na kurudi, na kwa kuwa kanuni za waandaaji hazikumtaja mtu kama yeye, wala kumruhusu wala kumkataza, kamati ilikaa kikao kirefu, mwisho ikamwandikisha kwenye safu ya vipuri, kati ya mnyororo na plagi. Alishinda. Kikombe alipewa mwenye pikipiki, na Fundi Rajabu, alipomwona amenuna, akamwambia, "Umeona wapi spea ikapewa kikombe? Shukuru hukufungiwa stoo."

Tarehe 15 Aprili 1939 alifunga ndoa takatifu na Kornelia katika kanisa letu la Kilema, wakajaliwa watoto wanne, Sirili, Eliaichi, Mektrida na Primus, wote wako hapa, na Primus bado hajaelewa.

Baada ya vita, mwaka 1946, alinunua pikipiki zilizoachwa na jeshi, akafungua na Fundi Rajabu duka la kuziuza, na wengi mliopata bei nzuri ya kahawa mlipita mlangoni pake, kwa hiyo mnaujua utaratibu wake, kwamba hakumkabidhi mtu pikipiki akamwacha aende zake, bali alipanda nyuma ya mnunuzi, akaweka mikono mabegani mwake, wakapanda hivyo mlima na kona zake hadi mlangoni kwa mwenyewe, huku akimnong'oneza gia na breki, kisha yeye akarudi mjini kwa miguu au juu ya magunia ya kahawa. Fundi Rajabu, aliyemkata jina akamwita Leo, alimkemea miaka yote, "Leo, ukikaa nyuma ya kila aliyetoka kunywa mbege, utaacha wajane wangapi?" naye hujibu, "Mke ninaye mmoja, Fundi, na ameshanionya."

Alikuwa amemwonya kweli. Jumapili tarehe 7 Agosti 1949 marehemu alianguka katika mashindano, akavunjika mguu na mbavu, akalala miezi, na siku aliyoweza kusimama alimletea mkewe jani la isale, ambalo kwetu anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, na aliyelileta hawezi kulivunja neno lake, akaapa kwamba hatashindana tena maishani. Kornelia alipanda isale mbele ya mlango, huo hapo mnaouona, umefika kimo cha mtoto.

Marehemu hakuwa na ugonjwa. Jumamosi tarehe 13 Machi 1954 alipanda mlima na mteja, bwana mmoja Mzungu, mgeni wa serikali, aliyekuwa akihamia nyumba ya huku juu, na kwenye kona ya pili pikipiki iliacha njia, ikapiga kibao, kaka akafariki njiani akibebwa kuelekea kwa masista wa misheni. Mwili tulikabidhiwa jana Jumatatu, vipimo vya kibao vilipokamilika, pamoja na maelezo, ambayo kazi yangu ilinipasa kuyatafsiri, kwamba "marehemu, mshindani anayejulikana, alikuwa akiendesha kwa mwendo wa mashindano, na bwana abiria ameumia kiwiko".

Shemeji yangu Kornelia alisikia habari hizo kabla sijapata namna ya kumwambia. Nilimkuta mlangoni na panga, ameusimamia ule mmea wa isale, hajaukata, hajauacha, akaniuliza, "Shemeji, kufa kila mtu atakufa. Niambie tu kama alinidanganya." Nikaenda kulitafuta jibu.

Familia inawashukuru masista waliompokea na kumwosha, majirani kwa kuni, ndizi na mikono, mafundi wote wa Moshi waliofunga milango leo, na Fundi Rajabu, aliyemlea akiwa kijana na leo amemchimbia kaburi kwa mikono yake. Tunamwombea bwana mteja kiwiko kipone, na kumbukumbu nayo irudi.

Zaidi tunamshukuru mama Ndelilio, muuza ndizi, aliyekuwa ameshusha mzigo wake penye kona ile Jumamosi, akaona yote, na ambaye wakaguzi wa serikali walimwuliza kama kibao kilikuwa kimesimama wima kabla ya ajali, akasema ndiyo, wakamshukuru, wakaondoka. Mimi nilimwuliza swali moja zaidi, naye akashangaa kwamba kuna asiyejua, akasema, "Pembe za ile pikipiki alizishika mzungu, mwanangu. Leodegar alikuwa mgongoni kama mtoto aliyebebwa, anamwambia polepole bwana, polepole bwana, na yule anacheka." Amekubali niyasome haya mbele yenu, na niseme jina lake, na anayetaka kumwuliza tena amwulize, yuko pale kwenye mgomba, hajakimbia.

Kaka Leo, umefika kwako, pumzika, Mungu akupokee kwa amani. Shemeji Kornelia, weka panga chini, isale yako iache ikue. Jumamosi ile Leodegar Tesha hakushindana na mtu, wala hakuendesha. Alikuwa amekaa nyuma.