Afande Rusi, Fundi wa Makombora Aliyeleta Samaki Bwera

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo asubuhi hii, Kasese mjini, Hima, Muhokya, Bwera, na ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, ambako mawimbi yetu hufika bila kuulizwa kitambulisho, karibuni. Kama kuna kazi ya kelele mkononi, iwekeni chini kidogo. Leo tunamkumbuka Rusi Kemigisha.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la Afande Rusi. Alikuwa sajenti mstaafu wa jeshi la anga. Alikuwa fundi wa silaha za ndege za vita. Na baada ya kustaafu alikuwa mchuuzi wa samaki. Amefariki mwezi huu wa Oktoba, mwaka 2018, baada ya kuugua figo. Tumemzika Muhokya, alikozaliwa.

Baba yake alitoka upande wa Fort Portal, akaja huku kufanya kazi ya saruji. Rusi alikuwa mtoto wa pili. Mdogo wake, Baker, analima mpunga Mubuku. Nilimkuta shambani, miguu ndani ya maji, akanisimulia habari za dada yake huku akiendelea kung'oa magugu.

"Ndege ndogo ikitua hapa Kasese, sisi watoto tulikimbia kuangalia wageni wanaoshuka," Baker alisema. "Rusi yeye aliinama kuangalia magurudumu. Mama alimwambia, wewe utaolewa na gurudumu."

Hakuolewa na gurudumu. Aliingia jeshini akiwa msichana. Walimpeleka jikoni kwanza. Alikaa jikoni hadi siku moja alipoona karakana ya ndege inatafuta watu, akaenda kuomba akiwa bado na aproni. Alifundishwa kufunga makombora chini ya mabawa ya ndege, na kuyafungua. Ndege za kisasa zilipofika nchini mwanzoni mwa miaka hii ya elfu mbili na kumi, Rusi alikuwa tayari fundi aliyekomaa. Alistaafu mwaka 2014.

Mliokuwa mkimsikiliza kila Jumamosi katika redio hii mnakumbuka alivyozieleza ndege zile. Alisema basi la Kampala hutoka Bwera alfajiri na kufika mchana, lakini ndege ya kivita ya leo humaliza safari hiyo kabla chai ya kondakta haijapoa. Inaweza kwenda mara mbili ya mwendo wa sauti. Rada yake inaiona ndege nyingine iliyo zaidi ya kilomita mia moja mbele. Msikilizaji wa Hima aliuliza kama ni kweli ndege inaweza kusimama angani kama mwewe. Rusi alicheka.

"Kusimama kabisa, hapana," alimjibu. "Lakini ziko zenye mdomo wa injini unaogeuka. Rubani anainua pua, ndege inakaribia kusimama kwa mkia, halafu inageuka pale pale. Wewe ukifanya hivyo na bodaboda yako, tutakuja kwenu kula chakula cha matanga."

Mwingine aliuliza ndege inajifichaje isionekane kwenye rada. Rusi alisema ni kwa umbo na kwa rangi maalumu. Umbo linatupa mawimbi pembeni yasirudi yalikotoka, na rangi inayameza mengine. Makombora nayo yanafichwa tumboni, kwa sababu kitu kinachoning'inia kinaonekana. Aliyajua hayo, akayasema kwa lugha ambayo bibi yangu aliielewa.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, sababu ya kipindi kile hamkuijua. Leo ninaruhusiwa kuisema. Mwenyewe aliyehusika ameniruhusu, na yuko hapa nje ya studio, anasubiri nimalize.

Kipindi kile kilianzishwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja. Anaitwa Esperance.

Esperance alivuka mpaka akitokea upande wa Beni, mwishoni mwa mwaka 2014, pamoja na mama yake, Maman Chérie. Mume wake, Ezéchiel, hakuvuka. Alikuwa shambani siku helikopta ya vita ilipopita na kupiga msitu ulio jirani. Ilikuwa ya nani, Esperance hajui mpaka leo. Hapa Bwera alianza kukaanga samaki sokoni. Na samaki aliwapata kwa Rusi, aliyekuwa akiwatoa ziwani Kahendero kila asubuhi kwa pikipiki. Mmoja analeta samaki aina ya ngege, mwingine anakaanga. Ndivyo walivyojuana.

Mwaka 2015, mwezi wa Septemba, ndege mbili za kivita zilipita juu ya Bwera zikifanya mazoezi ya sherehe za uhuru. Zilipita chini sana. Rusi alikuwa barabarani na kreti la samaki. Mwenyewe aliniambia jinsi alivyosimama, akainua uso, akatabasamu. Alizijua kwa mlio tu. Kisha akageuka kuelekea sokoni.

Esperance alikuwa amejitupa chini ya meza. Meza ilipinduka. Karai la mafuta lilimwagika kwenye mguu wa Maman Chérie.

"Mimi natabasamu," Rusi aliniambia, "na yule mzee anaungua. Kwa mlio ule ule."

Baada ya hapo Esperance aliamua kuondoka. Alitaka kwenda kambi ya wakimbizi iliyo mbali, mahali ambapo hakuna ndege inayopita. Maman Chérie alikataa. Kutoka Bwera mama yule anaiona milima ya kwao kila asubuhi, na alisema akisogea hatua moja zaidi hataiona tena. Basi mama angebaki peke yake na mguu ule, na binti angeondoka. Hilo ndilo lililokuwa mbele yao. Hilo ndilo lililomleta Rusi kwenye mlango wa redio hii.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo huo. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe mtoto wa chuo, nipe nusu saa kila Jumamosi. Nataka kufundisha watu ndege."

"Watu gani, Afande?"

"Watu wanaoogopa. Mtu akijua kitu, hofu inapungua."

Tuliamini hivyo, yeye na mimi. Esperance alisikiliza vipindi vyote, redio ikiwa kando ya sigiri, jiko lake la makaa. Na hofu yake haikupungua hata kidogo.

Ndipo Rusi akamleta Meja Muzamiru. Huyu alikuwa rubani aliyefanya naye kazi, aliyekuwa likizoni. Walikaa kwenye benchi la Esperance wakala samaki kwa mikono. Mimi nilikuwapo. Esperance alisimama mbele ya yule meja na kijiko chake cha kukaangia, akamuuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Weye njo pilote?"

"Ndiyo, mama."

"Huko juu, unaonaka mutu?"

Muzamiru hakutaka kumdanganya. Alisema kwenye kioo chake huona ndege nyingine iliyo mbali sana. Gari barabarani, anaweza kuliona. "Lakini mtu sokoni, kwa mwendo ule, hapana. Wewe sikuoni, mama."

"Donc mie niko nakaanga samaki, na weye hauone."

"Sioni."

"Sasa njo maana minaogopa."

Sisi tulikuja kumwondolea hofu, na yeye alikuwa ametueleza hofu yake vizuri kuliko tulivyomweleza ndege.

Rusi aliweka samaki chini. Akasema, "Afande Muzamiru, mikono." Na yule meja, ofisa mzima, akainua mikono yote miwili juu, mmoja ukiwa bado umeshika mkia wa ngege. Wauza nyanya waliokuwa jirani walicheka mpaka mmoja akauliza kama ameiba.

Rusi akaeleza. Ndege ikiwa tayari kuruka, injini zikiwaka, mafundi wa silaha huingia chini ya mabawa mara ya mwisho. Wanachomoa pini za usalama, zile zenye utepe mwekundu. Kuanzia hapo kombora liko hai. Kitufe kimoja kikiguswa kwa makosa, fundi aliye chini ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo muda wote huo rubani huinua mikono miwili na kuionyesha, fundi aione kwamba haigusi kitu. Anaiweka juu mpaka fundi atoke na kumwonyesha zile tepe.

"Huyu ni meja, mimi sajenti," Rusi alisema. "Lakini nikiwa chini ya bawa, yeye hashushi mkono mpaka mimi niseme."

"Sajenti anaamuru mukubwa?" Esperance akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Kila siku. Alikuwa analalamika mabega yanauma."

"Yanauma mpaka leo," Muzamiru akasema.

Esperance alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama Rusi. "Afande. Ile bomu, weye njo ulikuwa nafunga?"

Rusi alisema, "Ndiyo. Mimi."

Esperance alichukua sahani yake kutoka mkononi mwa Rusi, samaki akiwa hajaisha, akaenda kuiosha. Kesho yake alinunua samaki kwa mtu mwingine. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Na habari za kwenda kambini zikaanza tena, safari hii na siku ya lori ikiwa imetajwa.

Rusi hakumfuata kumbembeleza. Hakujitetea kwamba alikuwa akitii amri, ingawa ni kweli alikuwa akitii. Alikuja tu studio kila Jumamosi, akajibu maswali.

Jumamosi moja msikilizaji aliuliza juu ya ndege za kesho. Rusi alisema ndege nyingi zijazo hazitakuwa na mtu ndani. Kompyuta haichoki, na haizimii ndege ikikata kona kali. Alisema wataalamu wanafikiria rubani mmoja akae kwenye ndege yake na kuongoza nyingine nne tupu zinazoruka kandokando yake. Na baadaye, labda hata huyo mmoja hatakuwapo. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani kipaza sauti kimekufa, nikakigonga kwa kidole.

"Kipo sawa, mtoto wa chuo," akasema. "Nafikiri tu. Mimi niliwahi kuwa chini ya bawa. Mwenzangu Esperance pia amekuwa chini ya bawa, na hakuna aliyemwonyesha mikono. Ndege ikiwa haina mtu, mikono ataonyesha nani? Mimi sijui. Ninauliza tu. Anayejua atupigie simu."

Simu hazikuita. Lakini Jumatatu, Rusi akipita sokoni na kreti lake, alisikia anaitwa.

"Ile swali yako, mutu amekujibu?"

"Bado."

"Hata mie sijui jibu." Esperance alisogeza karai. "Leta samaki. Ile ya yule mwingine inanuka."

Lori la kambini liliondoka bila yeye.

Tangu hapo Rusi alijitwika kazi nyingine. Kila mwaka, mazoezi ya ndege yakikaribia, alikwenda ofisi za wilaya kuomba tangazo litolewe siku moja kabla, kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo. Mwaka wa kwanza alizungushwa. Mwaka wa pili alikwenda na Maman Chérie, akamketisha mapokezi na mguu wake kwenye kiti cha wageni. Tangazo likatolewa. Lile tangazo mnalolisikia kila mwaka, "kesho ndege zitapita, ni mazoezi, epueni vyombo vya moto," wasikilizaji wapendwa, ni kazi ya Rusi Kemigisha. Halina jina lake. Leo nalitaja.

Mwaka huu ndege zilipopita, Rusi alikuwa amelazwa. Simu yake ililia wodini. Baker aliishika, akaiweka sikioni mwa dada yake.

"Afande, ile ndege zimepita," Esperance alisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilitoa karai kwa moto. Nikashika maman mikono. Nilitetemeka sana, Afande. Lakini nilikaa."

Baker anasema dada yake aliisogeza simu karibu zaidi na sikio. Kisha akasema, "Kutetemeka si kosa. Hata Muzamiru anatetemeka, muulize." Siku nne baadaye alituacha.

Mazishini Muhokya hatukupeana mikono, kwa sababu ya tahadhari ya Ebola. Tulinawa kwenye ndoo langoni, kila mmoja akaweka kiganja kifuani pake kwa salamu. Esperance na mama yake walikaa nyuma kabisa na Wakongomani wenzao, mpaka Baker akaenda kuwaita.

"Nyinyi mnakaa huko kama nani?" alisema. "Familia iko mbele."

Kwa hiyo, kwa niaba ya redio hii na ya wote mliomsikiliza, nampa pole Baker na watu wa nyumbani kwake Mubuku. Nampa pole Meja Muzamiru, ambaye barua ya jeshi ilimzuia kufika. Nampa pole Maman Chérie. Nampa pole Esperance, ambaye bado anaishi Bwera, na ambaye sasa huwafuata samaki Kahendero mwenyewe. Mungu, anayetuona sote hata kutoka juu kabisa, ampokee Rusi. Sisi tunamshukuru kwa kutukopesha mtu huyu.

Mimi bado naamini kwamba kujua ni kuzuri. Nilimwamini Rusi aliposema hivyo, na bado namwamini. Lakini alinifundisha kwamba kuna watu ambao hawahitaji maelezo zaidi. Mwakani ndege zitapita tena. Zitakuwa na kasi zaidi, na pengine siku moja zitakuwa tupu ndani. Tangazo mtalisikia. Ukilisikia, fikiri ni nani jirani yako aliyevuka mpaka akikimbia vita. Asubuhi hiyo nenda kwake mapema, msaidie kutoa chungu motoni. Usimwambie asiogope. Vuta kiti, ukae naye mpaka zipite.